Sura ya Tano: Nani Anabaki na Mtoto?

Mwaka 1971 Wangari Maathai alitunukiwa PhD jijini Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuifikia. Alikuwa amechunguza namna tezi za uzazi za ng'ombe zinavyokua. Desemba ya mwaka huohuo alijifungua Wanjira, mtoto wake wa pili. Mambo haya mawili kwa kawaida huandikwa mbalimbali: PhD kwenye historia ya elimu, mtoto kwenye habari za familia. Kwake yalitokea ndani ya mwaka mmoja na nyumba moja, tena nyumba ya mwanasiasa, kwani mumewe alikuwa amegombea ubunge mwaka 1969 akashindwa, na alikuwa bado anautaka.

Sishangai kwamba aliweza. Wanaoweza ni wengi, na kila nchi ina wake. Ninachokiona cha maana ni alichokifanya baada ya kuweza. Akiwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo, aligeukia masharti ya ajira ya wanawake pale chuoni, ambayo hayakulingana na ya wanaume. Mwanaume aliajiriwa na marupurupu ya mtu mwenye familia. Mwanamke aliyeolewa alichukuliwa kuwa familia yake tayari ina mtu wa kuitunza. Wangari na wenzake walijaribu kukigeuza chama cha wanataaluma kuwa chama kamili cha wafanyakazi ili wapate nguvu ya kudai, mahakama ikawakatalia, lakini mengi waliyoyadai yalitekelezwa baadaye. Alikuwa ameng'amua kwamba habari ya mama msomi inaanzia kwenye mkataba wa kazi. Ushujaa unakuja baadaye, pale mkataba unapokuwa mbovu.

Akapanda ngazi haraka: mhadhiri mwandamizi 1975, mkuu wa idara 1976, profesa mshiriki 1977. Ndoa ilivunjika katikati ya mafanikio hayo, talaka ikatoka mwaka 1979. Muda mfupi baadaye alipata kazi ya Umoja wa Mataifa yenye makao Lusaka, kazi ya kusafiri nchi nyingi za Afrika. Watoto watatu asingeweza kuzunguka nao. Akawapeleka kwa baba yao, akawa anakuja kuwaona, nao wakakaa huko hadi 1985.

Sehemu hiyo ya maisha yake haitajwi sana watoto wa shule wanaposimuliwa habari za Nobeli yake ya Amani ya 2004 na miti mamilioni iliyopandwa chini ya uongozi wake. Nadhani wasimulizi wanaogopa itamchafua. Mimi naiona ndiyo sehemu ya kawaida kuliko zote, isipokuwa kwamba aliyeondoka alikuwa mama. Wanaume wa kizazi chake walikwenda Moscow, Leeds, Uppsala na Edmonton, wakakaa miaka minne, mitano, wakarudi na shahada na koti zito, wakamkuta mtoto aliyeachwa akitambaa sasa anasoma darasa la kwanza. Hakuna aliyewauliza watoto walibaki na nani. Jibu lilijulikana.

Swali hilo, la nani anabaki na mtoto, ndilo ninaloliona limejificha chini ya kila mazungumzo ya uzazi na usomi. Tunapenda kulifunika kwa vigelegele. Siku ya mahafali mama anavishwa mashada ya maua, wifi na shangazi wamevaa sare ya kitenge, na mwandishi wa habari anapata kichwa chake: mama wa watoto watatu atunukiwa PhD. Sijawahi kusoma kichwa cha habari kinachosema baba wa watoto watatu atunukiwa PhD, ingawa ukumbini siku hiyo akina baba wa namna hiyo wamekaa safu nzima.

Tuangalie kalenda kwanza, maana huko ndiko mgongano unakoanzia. Kijana wa Kitanzania anayefaulu vizuri anamaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka 23 au 24. Akibahatika, chuo kinambakiza kama mkufunzi msaidizi. Anafanya uzamili, anakuwa mhadhiri msaidizi, na kuanzia hapo ngazi inadai PhD: bila hiyo huitwi mhadhiri kamili, na bila machapisho baada ya hiyo huendi popote. Kenya ililiweka jambo hili wazi mwaka 2014, pale Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa vigezo vilivyowataka wahadhiri wote wawe na PhD. Foleni ya ufadhili ni ndefu, hivyo wengi huanza wakiwa na miaka 30 au 33. Hesabu miaka minne ya kwenye karatasi, ambayo uwandani inakuwa sita au saba. Hiyo ni miaka ileile mwili wa mwanamke unapomwambia chagua sasa, na ukoo nao unamwambia hivyohivyo, kwa sauti kubwa zaidi, kila sikukuu.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaruhusiwa kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Akifanya hivyo, na wengi hufanya kwa sababu miguu imevimba na ofisi iko ghorofa ya tatu, atarudi kazini mtoto akiwa na wiki nane. Kliniki nayo imeshamwambia amnyonyeshe maziwa yake peke yake kwa miezi sita. Ili kuziba pengo hilo, sheria inamruhusu atoke hadi saa mbili kwa siku kwenda kunyonyesha.

Saa mbili hizo zimeandikwa na mtu ambaye nyumba yake iko karibu na kazi. Mhadhiri anayefundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuishi Mbezi ya Kimara au Goba anaweza kuzitumia zote barabarani, kwenda tu. Kwa hiyo anakamua maziwa ofisini, kwenye chumba anachochangia na wenzake wawili, mmoja wao mwanaume mstaarabu ambaye amejifunza kutoka nje bila kuambiwa. Kenya imekwenda mbele kidogo: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Kutenga chumba katika chuo ambacho madarasa yenyewe hayatoshi ni hadithi nyingine, lakini angalau mama ana kifungu cha kukishika mkononi anapogonga mlango wa utawala.

Kuna jambo dogo ambalo halimo katika sheria yoyote, nalo ndilo linalouma. Siku 84 ni wiki 12. Muhula ni mrefu kuliko hapo. Likizo ya uzazi karibu kila mara inaukata muhula katikati, kozi inagawiwa wenzako, na ukirudi unakuta deni lisiloandikwa. Utaombwa usimamie mitihani zaidi. Utapewa darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 400 ambalo hakuna anayelitaka. Huwezi kulalamika, kwa sababu kweli walikubebea. Chuo hakikuajiri mtu wa muda kushika nafasi yako, kikaacha wanaidara wagawane mzigo, kisha mzigo huo ukageuka kuwa fadhila yako binafsi kwao.

Mwanafunzi wa PhD ana hali mbaya zaidi, kwa sababu yuko kati ya hadhi mbili. Kama mwajiriwa aliye masomoni, mshahara wake wa likizo ya uzazi unaingia. Kama mwanafunzi, anatakiwa aahirishe masomo. Anajaza fomu, msimamizi anasaini, chuo kinakubali bila taabu. Anayekataa ni mfadhili, au tuseme hakatai, anakaa kimya: fedha za miezi 36 zinaendelea kuhesabiwa, mtoto azaliwe asizaliwe. Ushauri wangu kwa anayesoma sura hii akiwa na barua ya ufadhili mkononi ni kwamba asome kipengele cha kusimamisha muda kabla hajasoma kiwango cha posho. Kama kipengele hicho hakimo, aulize kwa maandishi na atunze jibu. Kuuliza hakumaanishi kwamba anapanga kuzaa. Wanaume nao waulize.

Nimewataja wanaume makusudi. Baba Mtanzania ana siku 3 za likizo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya ni wiki mbili. Siku tatu zinatosha kumtoa mama wodini, kusajili cheti na kununua ndoo kubwa. Msomi anayetaka kuwa baba wa kweli katika miaka ya mwanzo anapaswa kujiibia muda, na wapo wanaofanya hivyo kwa siri, wakidanganya kwamba wako maktaba.

Lakini kuwapa wanaume muda sawa bila kutazama wanautumiaje nako kuna mtego. Marekani, ambako mhadhiri mpya hupewa miaka michache ya kuthibitisha uwezo wake kabla ya kupewa ajira ya kudumu, vyuo vingi viliamua kumwongezea muda kila mzazi mpya, mama kwa baba. Ilionekana haki tupu. Mwaka 2018 wachumi watatu, Antecol, Bedard na Stearns, walichapisha uchunguzi wao juu ya idara kubwa za uchumi za nchi hiyo. Baada ya utaratibu huo kuanza, wanaume walizidi kupata ajira ya kudumu katika chuo chao cha kwanza, na wanawake wakapungua. Sababu haihitaji fumbo kubwa: mwaka wa nyongeza ulimkuta mama ananyonyesha na kuamka usiku, ukamkuta baba ana nafasi ya kuandika makala nyingine nzuri. Baraza la Utafiti la Ulaya lilichagua njia tofauti kwa waombaji wa fedha zake. Mama anaongezewa miezi 18 kwa kila mtoto bila kuulizwa alikuwa likizo muda gani, baba anaongezewa kile tu anachoweza kuthibitisha kwamba alikaa nyumbani kweli. Wapo wanaoona huko ni kumbagua baba. Mimi naona ni kumtaka alete risiti.

Kwetu mfano ninaoupenda uko Nairobi. CARTA, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti wa afya za Afrika ulioanza mwaka 2008 chini ya uongozi wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, uliweka ukomo wa umri wa miaka 40 kwa mwanaume anayeomba nafasi ya PhD, na miaka 45 kwa mwanamke. Miaka mitano hiyo ni kukiri bila hotuba kwamba kuna mahali ilikwenda. Wafadhiliwa hukusanywa kwa wiki kadhaa kwenye semina za pamoja, na mama anayenyonyesha ameruhusiwa kufika na mtoto na mlezi wake. Mtu akikuambia jambo hilo haliwezekani kwa bajeti za Afrika, mwambie lilishafanyika.

Ughaibuni mambo yana sura nyingine. Kwa miongo mingi Uswidi ilisomesha wahadhiri wa Dar es Salaam kwa mpango wa kwenda na kurudi, ambao wenyewe huuita sandwichi: miezi kadhaa Uppsala, Lund au Stockholm, kisha unarudi nyumbani kukusanya data na kufundisha, kisha unaondoka tena. Kwa wenye watoto ulikuwa nafuu kuliko kutoweka miaka minne. Ulikuwa pia na kejeli yake. Katika korido moja walikaa wanafunzi wawili wa PhD. Mswidi kwa kawaida ameajiriwa na chuo. Akipata mtoto, familia yake ina siku 480 za malezi za kugawana, baadhi yake zimefungwa kwa baba peke yake, na mkataba wake unasogezwa mbele. Jirani yake wa kutoka Dar yuko kwa posho, mtoto yuko Moshi kwa bibi, na kila baada ya chakula cha jioni anaangalia picha ya mtoto kwenye simu akiombea mtandao usikatike.

Uingereza tangu Januari 2024 imewazuia wanafunzi wengi wa kigeni kwenda na wategemezi wao, lakini wa shahada za utafiti wameachwa waende nao. Mlango uko wazi, kiingilio ndicho kigumu. Ada ya huduma ya afya peke yake ilipandishwa hadi pauni 776 kwa mwaka kwa kila mtoto. Watoto wawili kwa miaka mitatu ni zaidi ya pauni 4,600, na hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza, kabla hujajua hata kama mvua ya huko utaiweza. Hapo hujagusa nauli, fedha za kuonyesha benki, wala kituo cha kulelea watoto, ambacho katika miji mingi ya huko kinameza posho ya mwanafunzi ikabaki harufu. Ndiyo maana wengi wanaostahili kwenda na watoto wanawaacha.

Nisije nikaeleweka kwamba mtoto ni mzigo tu katika utafiti. Anayefanya kazi ya uwandani vijijini anajua thamani ya kufika na mtoto mgongoni. Mtafiti msichana kutoka mjini akiuliza habari za uzazi wa mpango anajibiwa kwa adabu na uongo. Akifika na mtoto anayelia, mahojiano yanaanzia pengine kabisa: kina mama wanampokea mtoto, wanamshauri kuhusu tumbo la kuunguruma, wanamkosoa namna alivyofunga kanga, na baada ya nusu saa yeye ndiye anayehojiwa. Daftari linajaa bila kuulizwa maswali yaliyochapwa. Wala faida ya mtoto haiishii kwenye data. Mtu mwenye mtoto anaandika kwa saa alizonazo, kuanzia adhana ya alfajiri hadi mtoto anapoamka, na saa hizo hazina nafasi ya kuzunguka. Nimesoma tasnifu nyingi, na zile zilizoandikwa na wazazi mara nyingi ni fupi. Nasema hivyo kwa sifa.

Sasa turudi kwenye swali, maana nimelizunguka. Katika nyumba nyingi za wasomi wa Dar, Arusha, Dodoma au Mombasa, jibu la nani anabaki na mtoto ni dada wa kazi. Bibi anasaidia, shangazi anakuja likizo, baba mwema anawaogesha watoto Jumamosi. Anayebaki Jumatatu saa moja asubuhi ni dada. Ana miaka 17, 19, pengine 22. Ametoka Iringa, Singida, Tanga au Kwale. Amri ya mishahara ya Tanzania iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kama analala kwa mwajiri. Tafuta tasnifu kumi, soma kurasa za shukrani. Utamkuta Mwenyezi Mungu, msimamizi, mfadhili, mume, wazazi. Dada atatajwa katika moja au mbili, kwa jina moja tu.

Na uliza aliachia wapi shule. Baadhi yao waliachia kwenye mimba. Hadi Novemba 2021 msichana aliyepata ujauzito katika shule ya serikali Tanzania Bara alifukuzwa na mlango ukafungwa nyuma yake. Tarehe 24 ya mwezi huo waziri wa elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wataruhusiwa kurudi. Kwa miaka yote ya kabla ya hapo nchi ilikuwa inawafundisha watoto wake, wavulana kwa wasichana, kwamba mtoto na daftari havikai mkono mmoja. Halafu tunashangaa profesa aliyekulia katika somo hilo anapomwambia mwanafunzi wake mjamzito arudi akishamaliza mambo yake.

Kwa hiyo mama wa kidato cha pili aliyefukuzwa anamlea mtoto wa mama anayeandika sura ya tatu ya tasnifu, mara nyingine tasnifu kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Sisemi hivyo kumtia aibu mama huyo, maana bila dada asingesoma, na akiacha kusoma dada hatapata kazi. Nasema kwa sababu mpango wowote wa kuwasaidia wazazi wasomi usiomhesabu dada unahamisha tatizo kutoka sebuleni kwenda jikoni. Chuo kikijenga kituo cha watoto, na kijenge, kiwalipe walezi wake kama watumishi wengine. Nyumba nayo ifanye sehemu yake: mshahara wa haki, siku ya mapumziko isiyohojiwa, na shule.

Shule inawezekana. Aliyekatishwa masomo anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kama QT, akifaulu akasajiliwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Madarasa ya jioni yako karibu kila mtaa. Zipo nyumba zinazolipia. Ugumu unakuja mwisho wa mwaka. Mitihani hiyo hufanyika Novemba, na Novemba ndiyo vyuo vinapopamba moto: wanafunzi wapya, ratiba mpya, na msimamizi anayetaka sura mbili kabla ya Krismasi. Watu wawili wa nyumba moja wana mitihani kwa wakati mmoja, na mtoto wa miaka miwili hajui kusoma tangazo.

Katika nyumba moja ninayoifahamu jambo hilo lilizungumzwa mezani tangu Agosti. Baba anafanya kazi benki. Sheria inampa siku 28 za likizo ya mwaka, ambazo kila mara alikuwa akizitunza za Desemba, kwa ajili ya kwenda kijijini. Safari hii aliziomba Novemba. Meneja wake alimuuliza kama anaumwa.